Vigae vya mawe ya asili bafuni: vipi vinafaa, vipi vitakusumbua

Kabla ya kuulizia bei, omba kipande kilichovunjika, kamulia tone la ndimu juu yake na usubiri dakika 5. Kifute, kisha kiinamishe kuelekea mwanga wa dirishani. Ukiona duara lililofifia pale tone lilipokaa, umeshika jiwe la jamii ya chokaa: marumaru, travetini, jiwe chokaa la kawaida au oniksi. Usipoona kitu, yaelekea ni graniti, kwatsaiti au sleti. Jaribio hili linakueleza zaidi ya kibandiko chochote kilichoko kwenye boksi, kwa sababu karibu kila tatizo la jiwe bafuni linaanzia hapo.

Jamii ya chokaa imeundwa kwa kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti huliwa na asidi. Si kwamba inachafuka, inaliwa. Uso wa jiwe unayeyuka kidogo, mng'ao unaondoka, linabaki kovu ambalo hakuna sabuni ya kulitoa. Sasa angalia ule utando mgumu mweupe unaoachwa na maji ya chumvi, yale magumu yenye chokaa, kwenye mabomba na kuta za shawa. Nao ni kalsiamu kaboneti hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba dawa yoyote yenye nguvu ya kuutoa utando huo ina nguvu ile ile ya kuila marumaru yako. Hakuna dawa inayoweza kutofautisha kati ya chokaa ya uchafu na chokaa ya kigae, hata chupa iandikwe nini. Mwenye maji ya chumvi nyingi alipime hilo kabla ya kupenda rangi.

Neno moja kuhusu majina. Wauzaji wengi huita "marumaru" kigae chochote kinachong'aa, hata cha udongo uliochomwa. Jiwe la kweli lina rangi na mishipa inayopenya hadi ukingoni, na huwezi kukuta vigae viwili vyenye mchoro uleule. Cha kiwandani kina picha usoni, mwili wa rangi moja, na miraba au nembo iliyochorwa mgongoni. "Kwatsaiti" nayo huuzwa kwa ujanja: marumaru ngumu kidogo hupewa jina hilo ili ipande bei. Kwaruza chupa ya kioo kwa pembe kali ya kipande. Kwatsaiti halisi itaikwangua chupa bila shida. Marumaru itateleza na kuacha unga wake mwenyewe. Kwa graniti nyeusi tii, sugua kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi, na rangi hiyo itapauka shawani.

Jiwe kwa jiwe

Graniti ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa sakafu ya bafu linalotumika na watu wengi. Ina kwatsi na feldspa, madini yenye ugumu wa 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambapo kalsaiti, yaani ile kalsiamu kaboneti ya marumaru, ina 3 tu. Mchanga unaoingia na viatu hauikwaruzi kirahisi, ndimu haiili. Kasoro zake ni mbili. Zenye rangi hafifu, hasa za kijivu na za maziwa, hunywa maji na kuweka kivuli cheusi kuzunguka tundu la maji. Nyeusi iliyong'arishwa kwa upande wake huonyesha kila tone lililokauka. Ukiipenda kwa ukuta wa shawa, ujue umejiajiri kazi ya kufuta kila siku.

Marumaru nyeupe, ya Carrara kule Italia na ndugu zake, ni nzuri ukutani na kwenye sakafu ya bafu la mtu mmoja mwangalifu. Kwenye bafu la watoto ni kujitafutia lawama. Zaidi ya makovu ya asidi, kuna tatizo ambalo wauzaji hawalitaji: baadhi ya marumaru nyeupe zina madini ya chuma ndani yake. Maji yakikaa nyuma ya kigae miezi mingi, chuma hicho hupata kutu na jiwe hugeuka la manjano kutoka ndani. Hapo kusugua hakusaidii. Ukiiona njano kwenye safu za chini za ukuta wa shawa peke yake, mlaumu aliyeacha maji yapenye, si anayefanya usafi.

Marumaru ya kijani tuitaje peke yake, kwani mara nyingi si marumaru bali ni serpentini. Baadhi yake hupinda ikilowa. Fundi anaibandika kwa gundi ya saruji iliyochanganywa na maji, anarudi asubuhi anakuta pembe zimeinuka kama karatasi iliyomwagikiwa. Ibandikwe kwa epoksi, gundi isiyochanganywa na maji. Kanuni hiyo hiyo ni ya kigae chochote chenye wavu wa nyuzi na utomvu mgongoni: saruji haishiki vizuri juu ya utomvu.

Travetini ina matundu kwa asili yake, kwa sababu ilijengeka kwenye chemchemi ambako chokaa iliganda ikiwa imezingira mapovu ya gesi na mabaki ya mimea. Kwa jengo kubwa la nje matundu si hoja. Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, umesimama kwa jiwe hili tangu karne ya kwanza. Kwa shawa ni hoja kubwa. Nunua iliyokwisha kujazwa matundu na kusuguliwa bila kung'arishwa. Hata hivyo tarajia vijazo vichache kung'oka kila mwaka, hasa pale kisigino kinapokanyaga. Si balaa: safisha tundu kwa mswaki, likauke, jaza grauti (saruji laini ya kuziba nafasi kati ya vigae) ya rangi inayofanana, futa kwa sponji yenye unyevu kidogo. Ukiacha tundu wazi litajaa sabuni, nayo sabuni italea ukungu mweusi.

Sleti ni jiwe la kuchagua kwa sikio. Kishike kigae kwa vidole viwili, kining'inie, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizuri kinalia kama kengele. Kinachotoa sauti bubu kina ufa au tabaka zinazoachana, na shawani kitameguka magamba. Uso wake wa asili una vibonde, hivyo hauteleziki, lakini vibonde hivyo ndivyo vinavyoficha povu. Ukiona vipunje vinavyometa kama shaba, huenda ni pairaiti, madini yenye chuma, na pairaiti hutoa kutu. Sleti nyingine zina chokaa ndani yake, kwa hiyo ndimu usiiruke hata hapa.

Jiwe chokaa la kawaida hutofautiana mno, kuanzia gumu lililoshikana hadi laini kama chaki. Pima unywaji wa maji kabla ya lolote. Oniksi ni pambo la ukutani, mbali na maji ya moja kwa moja. Mikeka ya kokoto za mto kwa sakafu ya shawa hatuipendekezi. Inapendeza machoni, ila nusu ya unachokanyaga ni grauti, na katikati ya kokoto hubaki vidimbwi ambavyo mteremko hauvifikii.

Na yule asiyetaka habari za kukinga wala kuchagua sabuni? Anunue porselini yenye sura ya jiwe. Hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake na haina haja ya dawa ya kukinga.

Mng'ao na utelezi

Sakafu iliyong'arishwa bafuni ni kosa, hata iwe ya jiwe gani. Chagua uso uliosuguliwa ukabaki bila mng'ao. Una faida mbili kwa mpigo: mguu unashika, na kovu la asidi halionekani sana kwa kuwa hakuna mng'ao wa kupotea. Ukipata karatasi ya vipimo, tafuta msuguano wa 0.42 au zaidi, ambao ndio kiwango cha Marekani kwa sakafu tambarare ya ndani inayolowa. Kwa shawa, ambako mtu yuko pekupeku na ana sabuni mguuni, kipimo cha Ujerumani cha utelezi wa miguu mitupu, kilichojulikana kama DIN 51097, kina manufaa zaidi: tafuta daraja B au C. Vipande vidogo vya sentimita 5 kwa 5 hufanya kazi nzuri hapo, kwa sababu mistari mingi ya grauti humpa mtu mshiko, na ni rahisi kuvifuatisha na mteremko wa kuelekea tunduni.

Kununua

Agiza asilimia 10 zaidi ya eneo lako. Ikiwa vigae vitalazwa mshazari au vina mishipa mikubwa, fikisha 15. Vyote vitoke kwenye shehena moja, maana ukirudi baada ya miezi 3 machimbo yatakuwa yamehamia tabaka lingine. Fungua maboksi yote siku ya kupokea, changanya vigae vya boksi tofauti, panga mita 3 za mraba chini bila gundi na usimame mbali kidogo uangalie. Kigae chenye doa la ajabu kitafaa kukatwa pembeni au nyuma ya choo.

Kumbuka uzito. Jiwe lenye unene wa milimita 10 lina takriban kilo 27 kwa mita ya mraba, bado hujahesabu gundi. Ukuta wa tofali hautikisiki kwa hilo. Ukuta wa bodi za jasi unakaribia kikomo chake, na bodi iliyopakwa plasta juu hubeba pungufu zaidi. Hapo weka bodi za saruji.

Kubandika: hapa ndipo vigae vizuri vinapoharibiwa

Jiwe halizuii maji, na grauti haizuii maji. Kinachozuia ni tabaka la kinga lililoko chini yake, likiwa limepakwa juu ya sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Mteremko usipokuwepo chini ya tabaka hilo, maji yaliyopenya kwenye grauti yatatuama humo humo na sakafu haitakauka kamwe. Utaona vigae vya karibu na tundu vina rangi iliyokolea siku zote, hata nyumba ikifungwa wiki nzima. Dawa ya kukinga haiondoi kivuli hicho. Tena ukiipaka jiwe likiwa limelowa, unazidi kuuchelewesha unyevu uliokuwa unatafuta njia ya kutoka.

Gundi iwe nyeupe kwa jiwe lolote jeupe au la rangi hafifu. Ya kijivu huonekana kupitia marumaru, na mistari ya mwiko hubaki kama kivuli cha kudumu. Tumia mwiko wenye meno ya milimita 10 hadi 12, vuta mistari ikielekea upande mmoja, paka pia tabaka jembamba mgongoni mwa kigae, kisha kibonyeze na ukisogeze mbele na nyuma kukata mistari ile. Baada ya vigae vichache, ng'oa kimoja uangalie mgongo wake: sehemu za majimaji zinahitaji gundi iliyoshika asilimia 95 ya eneo. Mtindo wa kuweka madonge manne pembeni na moja katikati ndio chanzo cha vigae vinavyolia tupu, vinavyopasuka chupa ikidondoka, na vinavyofuga maji nyuma yake. Siku ya kukabidhiwa kazi, pitisha mpini wa bisibisi ukigonga kila kigae. Palipo na sauti ya kopo, patolewe parudiwe kabla hujamlipa fundi.

Kwa mistari ya milimita 2 kwenye jiwe lililong'arishwa tumia grauti isiyo na mchanga. Ya mchanga itaukwaruza uso wakati wa kufuta. Jiwe linalonywa sana lipakwe kinga mara moja kabla ya grauti, la sivyo rangi ya grauti itapenya kingoni na kila kigae kitaonekana kimewekewa fremu. Kwenye pembe, yaani ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, usijaze grauti. Hapo panacheza, patapasuka. Jaza silikoni, ila si yoyote. Silikoni inayonuka siki ikikauka inatoa asidi, nayo huila marumaru, na nyingine hutoa mafuta yanayoacha ukanda mweusi kando ya mstari. Chukua isiyo na asidi, iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mawe ya asili.

Dawa ya kukinga

Watu hulipia dawa hii wakidhani wamenunua ngao. Inachofanya ni kuingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kuchelewesha maji na mafuta kuzama, ili upate muda wa kufuta. Haizuii asidi hata kidogo, kwa sababu asidi inakula uso wenyewe na si vinyweleo. Anayekuambia marumaru yako sasa inavumilia ndimu kwa kuwa imepakwa dawa hajui anachouza.

Chagua inayopenya, si inayoweka ngozi juu. Ile ya ngozi hupendeza mwezi wa kwanza, kisha unyevu unaotoka chini unaisukuma, inababuka vipande vipande, na kuikwangua ni kazi ya siku nzima.

Sakafu iwe safi na imekauka kabisa. Baada ya grauti ya saruji subiri angalau siku 3, au zaidi kama mfuko wake unasema hivyo. Paka kwa kitambaa au rola ndogo, eneo la mita 1 au 2 za mraba kwa wakati. Iache inywe kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi kati ya 5 na 15, na isikaukie juu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: yote iliyobaki juu lazima ifutwe kwa kitambaa kikavu hadi uso uwe mkavu kwa kidole. Ukiiacha, kesho utakuta utando hafifu unaonata wenye alama za vitambaa. Wakati mwingine hutoka kwa kupaka dawa ileile tena, ikalainisha ya jana, na kufuta haraka.

Usipake kwa kalenda. Kila miezi 6 mwaga kijiko cha maji mahali panapolowa zaidi, subiri dakika 10, futa. Jiwe likiwa limekolea rangi, wakati umefika. Kama halijabadilika, liache. Kuna graniti nyeusi ambazo hazinywi dawa kabisa, na kuzipaka ni kujitengenezea utando huo wa kunata bure.

Matunzo ya kila siku

Kifaa chenye thamani kuliko chupa zote ni kifuta maji cha mpira kikining'inia ndani ya shawa. Nusu dakika ya kuvuta maji kutoka juu hadi chini baada ya kuoga inaondoa utando wa chokaa kabla haujazaliwa, na utando ambao haupo hauhitaji asidi. Dirisha au feni ya kutoa mvuke hufanya nusu nyingine ya kazi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya chumvi hutengeneza ule utelezi wa kijivu unaoganda ukutani. Ya maji, isiyo na mafuta ya sabuni ya kawaida, haifanyi hivyo sana.

Kwa kusafisha, maji ya uvuguvugu na sabuni yenye pH ya 7 au karibu na hapo (yaani si ya asidi wala ya magadi), kitambaa laini, suuza, kausha. Siki, ndimu na dawa za choo zenye asidi ya hidrokloriki zisiguse jamii ya chokaa. Makovu mengi kuzunguka miguu ya choo ni matone ya dawa hiyo. Kwenye graniti asidi hafifu haitadhuru jiwe, lakini itakula grauti ya saruji. Na baadhi ya dawa za kutoa kutu zina asidi ya hidrofloriki, ambayo inaila hata graniti na ni hatari kwa anayeishika. Kamwe usichanganye dawa yenye klorini na asidi yoyote: gesi inayotoka ni sumu. Unga wa kusugulia na nyuzi za chuma navyo ni marufuku, kwa kuwa hukwaruza na kuacha chembe zinazoshika kutu. Kopo la povu la kunyolea lenye kitako cha chuma nalo lipewe sahani ya plastiki. Usiku mmoja tu kwenye rafu yenye maji linaweza kuacha pete ya kutu iliyozama.

Doa la rangi ya nywele au la chai hutolewa kwa kulivuta, si kulisugua. Changanya bikaboneti ya soda, au unga mweupe wa kaolini, na haidrojeni peroksaidi hadi upate uzito wa siagi ya karanga. Paka unene wa milimita 5 ukipita kidogo ukingo wa doa, funika kwa plastiki, bandika kingo zake, toboa vitundu kadhaa kwa sindano. Baada ya saa 24 fungua, acha unga ukauke, uondoe kwa kijiko cha plastiki, suuza. Doa la zamani litataka kurudiwa mara 2 au 3. Peroksaidi huweza kupausha jiwe jeusi, hivyo jaribu kwanza mahali pa kujificha. Kwa mafuta ya mwili tumia asetoni badala ya peroksaidi, madirisha wazi na bila moto karibu. Vimiminika hivyo viwili visikutane, mchanganyiko wake unaweza kulipuka.

Kovu la asidi kwenye uso usiong'aa unaweza kulifuta mwenyewe kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600, ukisugua kigae kizima na si doa peke yake, maana utaacha kiraka. Kwenye uso uliong'arishwa, kovu dogo hurudi kwa unga wa kung'arishia wenye oksidi ya bati, kitambaa cha sufu na maji kidogo. Likiwa eneo kubwa, mwite mwenye mashine na pedi za almasi.

Vigae 4 au 5 vilivyobaki vihifadhiwe vikiwa vimesimama kwa ukingo juu ya ubao, uso kwa uso, mahali pakavu. Vikilazwa bapa juu ya sakafu isiyo sawa huvunjika vyenyewe kwa uzito wa wenzao, na chini ya magunia yenye unyevu hushika madoa kabla havijatumika.